Sweta za Honorable

Papa alifariki katika ile miezi ambayo Butembo inaamka na ukungu na kulala na ukungu. Nilipanda kutoka Beni na nguo za Beni, nguo nyepesi za mtu aliyeolewa Mulekera, upande mmoja wa mji huo, akasahau kwamba kwao kuna baridi. Kabla sijamaliza kulia, Mama alikuwa ameshanivalisha koti lake na kufunga vifungo vyote mpaka shingoni, utafikiri bado ninaenda shule. Kisha akanituma chumbani nitafute suti ya kumzikia Papa. Alikuwa nayo moja tu, ya kijivu, na kila mtu wa avenue yetu aliijua kwa sababu aliivaa kwenye harusi zao zote.

Suti niliipata haraka. Kilichonichelewesha kilikuwa chini yake, ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe: randa lake la zamani, limezungushiwa kitambaa cha kijani. Nilipolifungua, harufu ikanipanda puani, ya maranda ya mkaratusi na ya nguo nzito iliyolowa mvua mara nyingi na kukaushwa juu ya makaa. Nikakaa kitandani. Kile hakikuwa kitambaa. Ilikuwa sweta ya mtoto, sweta yangu, na kifuani ungeweza bado kuona sikio moja na nusu ya tabasamu la mtu tuliyemwita Honorable.

Ninyi mliokua huku pamoja nami hamhitaji kuelezwa baridi yetu. Hatuna theluji, ukiacha ile ya Ruwenzori ambayo siku za anga safi unaiona kwa mbali. Sisi watoto tuliambiana kwamba kila asubuhi kuna mtu huko juu anaacha mlango wazi. Baridi yetu ni ya unyevu. Inaingia kwenye godoro, kwenye madaftari, kwenye chumvi. Mvua za mwisho wa mwaka zinapokuja na mawe, mabati yanapiga kelele mpaka watu wa nyumba moja wanaongea kwa ishara, na asubuhi unaenda shule ukiwa umevaa kila ulicho nacho, gauni juu ya suruali, soksi mkononi. Hatukuona haya, maana wote tulivaa hivyohivyo.

Papa alikuwa seremala. Alikuwa pia mkubwa wa Nyumba Kumi, kazi ambayo serikali inakupa bila kukupa kitu kingine chochote. Mume na mke wakigombana, wanamwamsha. Mbuzi akila mboga za jirani, anaitwa. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya maduka kufunguliwa, alipiga rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya karakana yake, na watu wakatoka na majembe na makoleo kufanya salongo: kuzibua mifereji, kufukia mashimo, kufyeka majani. Barabara yetu hatukuletewa na mtu. Sijui watu wa mahali pengine wanafundishwa vipi maana ya nchi. Mimi nilifundishwa na ile rimu.

Nyumba ya mwisho ya avenue ilikuwa ya Mukaka Kyakimwa. Mukaka ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa kila mtu ingawa kwa damu hakuwa wa yeyote kati yetu. Mume wake alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya miti ya parachichi, na watoto wake walikuwa wameteremkia Beni kwenye joto na biashara. Kwa desturi yetu mzee hawezi kulala peke yake nyumba nzima, basi huazimwa mtoto wa jirani. Aliyeazimwa nilikuwa mimi. Nilikula kwetu, kisha nikaenda kulala mgongoni kwa Mukaka, kwenye blanketi linalonuka moshi na siagi.

Shida ya Mukaka ilikuwa korongo. Maji ya mtaa mzima wa juu yalikuwa yametafuta njia yao na kuipata upande wake. Kila msimu wa mvua yalikula kipande kingine cha kilima, kwanza shamba la maharage, halafu choo, halafu mti mmoja wa parachichi. Sasa ukingo ulikuwa umefika karibu na kaburi la mume wake, na nyuma ya kaburi ndipo ukuta wa chumba tulicholala. Mvua ilipozidi tulisikia udongo ukianguka huko chini, kwanza kimya, kisha sauti nzito. Mukaka alinivuta karibu zaidi, na nilijua kwamba nyuma ya mlango kuna mfuko wake wa safari umeshafungwa. Watoto wake walimwomba aende Beni. Aliwajibu kwamba atawaacha wafu wa watu wengine, mume wake hapana.

Papa aliliangalia lile korongo akasema linazuilika. Lilihitaji mfereji wa kuyageuza maji juu kabisa, kabla hayajapata nguvu, vigingi vya mkaratusi kwenye ukingo, magunia ya udongo, na matete na mianzi ya kupandwa ili mizizi ishike. Lakini lilihitaji avenue nzima, watu wote, na si wale waaminifu watano au sita anaowajua kila mkubwa wa Nyumba Kumi.

Hapo ndipo ilipoingia kampeni ya ubunge.

Honorable hakuwa Honorable bado, ila tulimwita hivyo kwa kumtangulizia. Alikuwa mfanyabiashara, malori yake yalikwenda na kurudi Kasindi, na alikuwa na akili kuliko wenzake. Wenzake waligawa fulana na kofia, kana kwamba Butembo iko kwenye joto la ziwani. Yeye aliijua baridi yetu, akagawa sweta: za kijani, nzito, za wakubwa na za watoto, picha yake kifuani anacheka. Alifika mpaka mwisho wa avenue, akaliona korongo, akashika kichwa. Akasema mbele ya watu wote kwamba ataleta mashine na mawe na waya, na ukuta utasimama. Akamkumbatia Mukaka Kyakimwa. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nililia kwa furaha kwa sababu nilifikiri usiku ule tutalala.

Sasa lazima niwaambie nilivyoelewa mambo, maana bila hilo hamtanielewa. Muda mfupi kabla ya hapo baba mdogo alikuwa ameoa huko mjini Kayna, na kwa mara ya kwanza niliona familia yetu nzima imevaa kitambaa kimoja, wanaume mashati, wanawake vikwembe vya kujifunga, watoto mabaki. Kulikuwa na binamu wa Mama aliyesahauliwa kwenye kugawa. Alikuja na nguo yake mwenyewe, akakaa pamoja na majirani, akalia mpaka keki ikaisha. Nikajifunza somo langu: kuvaa kitambaa kimoja ni kuwa ndugu. Basi nilipoiona avenue yote imegeuka kijani kutoka juu hadi chini, hata muuza makaa, hata mwalimu wetu aliyetumwa huku kutoka Kasai na aliyetetemeka kuliko sisi sote, sikuona siasa. Niliona kwamba Honorable ametuchukua kuwa ndugu zake.

Papa peke yake hakuvaa. Alituruhusu sisi watoto tuvae, kwa kuwa Mama alimwambia wazi kwamba mapafu ya wanawe hayana chama. Sweta yake yeye ilibaki imekunjwa, naye akaendelea na koti lake lililokwisha viwiko. Niliumia sana. Nilimwona kama yule binamu wa Mama, ila yeye amejitenga kwa kiburi chake, na niliona haya kutembea naye.

Kura zilipigwa, Honorable akapita, watu wakacheza ngoma. Tangu hapo jambo moja lilibadilika kwetu. Papa alipiga rimu Jumamosi na watu hawakutoka. Walimjibu kwa adabu, wakiwa mlangoni na vikombe vya chai ya moto mikononi, kwamba hakuna haja ya kujichosha na majembe wakati mashine inakuja. Jumamosi ya kwanza walitoka wachache. Iliyofuata mvua ilinyesha, na nilimwona Papa akiteremka peke yake na koleo begani. Alirudi amelowa mpaka mifupani, akakaa mbele ya babula la makaa, mikono juu ya joto. Usiku ule kipande kikubwa kikaanguka. Asubuhi msalaba wa kaburi la mume wa Mukaka ulikuwa umeinama kuelekea shimoni.

Nikaamua kwamba kosa ni moja tu: hakuna aliyekwenda kumwita Honorable. Ndugu anaitwa. Kwenye msiba, kwenye harusi, anatumwa mtoto. Nikavaa sweta yangu ili nitambulike, nikapanda kwenye mtaa wa watu wenye mageti.

Mlinzi aliiona sweta akacheka, akaniruhusu nipite. Honorable alikuwa barazani na wageni, akinywa kahawa. Kwa karibu alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye picha ya kifuani kwangu. Nilimsalimu kwa kupiga magoti, kama nilivyofundishwa, nikamweleza kwamba Papa anapiga salongo Jumamosi kwa Mukaka Kyakimwa, kwamba kaburi linaanguka, na kwamba kama hana jembe tutamwazima. Wageni walicheka sana. Yeye hakucheka, hilo namshukuru mpaka leo. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, akaagiza niletewe mkate na chai ya maziwa, akaniwekea mkono kichwani.

"Ambia Papa yako, samedi nitakuya," akasema. "Mimi mwenyewe."

Nilikimbia njia yote. Papa alikuwa anapiga randa mlango wa mtu. Nilimpa ujumbe huku nahema, naye akaliacha randa, mkono juu ya ubao, akaniangalia usoni. Nilifikiri atanipiga kwa kwenda bila ruhusa. Badala yake aliuliza swali moja, kama Honorable alisema hayo kwa kinywa chake mwenyewe. Nilipoapa, alifuta maranda kwenye koti.

"Basi nenda nyumba kwa nyumba," akasema. "Uwaambie vile alikuambia. Usiongeze kitu, usipunguze."

Sijawahi kutangaza habari kwa utamu kama ule. Na Jumamosi ilipofika Papa hakuhitaji hata kupiga rimu mara ya pili. Wote walitoka. Walitoka kwenye ukungu mmoja mmoja, kijani, kijani, sweta zimefuliwa, wengine wameoga asubuhi na baridi ile, wanawake wamejifunga vitambaa vizuri kichwani. Kila mmoja alibeba jembe au koleo au gunia, kwa sababu nani angetaka Honorable amkute mikono mitupu? Hata wale ambao hatukuwa tumewaona kwenye salongo tangu walipohamia walikuja, na walisimama mbele.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa nimechagua jembe zuri kuliko yote ya kwetu, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, nikasimama nalo juu barabarani. Lilikuwa jembe la Honorable. Aliyetaka kulishika nilimfukuza.

Watu walisimama, wakapiga miguu chini, wakapuliza mikono. Ukungu haukuondoka. Gari halikuja. Baada ya muda manung'uniko yakaanza, na muuza makaa akauliza kwa sauti, ni nani hasa tunayemngojea na mpaka saa ngapi. Papa alikuwa ameshashuka ndani ya mstari wa mfereji aliouchora kwa kamba. Hakupanda juu ya kitu, hakuinua sauti.

"Baridi iko mingi," akasema. "Mutu akingojea bila kutumika atagonjwa. Tumungojee mu kazi. Akikuya, atatukuta tuko na moto mu mwili."

Hakuna aliyeweza kubishana na baridi. Wakaanza polepole, kwa ajili ya kupasha mikono. Halafu, mnajua inavyokuwa, huyu akamchokoza yule kwamba anachimba kama anakuna mgongo, mwalimu wa Kasai akaimba wimbo wa kwao ambao hakuna aliyeujua na wote wakaitikia, na mfereji ukaanza kuwa mfereji. Wanaume walipigilia vigingi. Wanawake walipitishiana magunia ya udongo kwa mstari, kutoka mkono hadi mkono. Mukaka Kyakimwa alitoka na sufuria kubwa ya kahawa, akampitia kila mtu na kikombe kilekile kimoja. Alipofika kwangu alitazama lile jembe, akatazama barabara, akanipa kikombe bila kuuliza.

Nilisimama pale. Mvua nyembamba ilianza na sikuondoka. Kila pikipiki iliyolia juu ya kilima niliisikia kama gari. Jua lilikuwa limeshapita kichwani, kwa kukisia tu kwa sababu hatukuliona, Papa alipopanda mpaka nilipo. Mpini wa jembe lake ulikuwa umevunjika. Akanyoosha mkono.

"Hili ni la Honorable," nikamwambia. "Na akikuya?"

Papa alichuchumaa mbele yangu, maji yakimtiririka puani. Ningependa kusema kwamba alinieleza dunia. Hakunieleza.

"Akikuya, nitamupatia langu," akasema.

Nikampa. Aliposhuka nalo nililia, na sikujua ninachokililia. Nadhani nilikwisha kujua.

Kisha, kwa kuwa sikuwa tena na kitu cha kulinda, nikashuka na mimi. Nilibeba matete mpaka vidole vikaacha kuhisi. Jioni Papa aliposema inatosha, watu walijinyoosha, wakaangaliana, na mwanamke mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenda kote. Nikainua macho. Hakuna sweta ya kijani iliyobaki. Kutoka shingoni hadi magotini kila mtu alikuwa wa rangi ya udongo wetu, ule mwekundu unaokataa sabuni. Kifuani hapakuwa na uso wa mtu yeyote. Na Papa, katika koti lake lililokwisha viwiko, alikuwa katikati yao na hungeweza kumtofautisha. Nilifurahi kuliko siku ya harusi ya Kayna. Niliona kwamba hatimaye na yeye amevaa.

Mvua kubwa ilikuja kabla ya Noeli, na mawe. Mukaka na mimi tulikaa macho, tukisikiliza. Maji yalipita juu, kwenye mfereji, yakinguruma, yakaenda zake mtoni. Udongo haukuanguka. Kulipopambazuka Mukaka alifungua mfuko wake wa safari, akatoa kikwembe kimoja kimoja na kukirudisha kwenye kamba. Aliishi humo miaka mingi, akafia kitandani kwake, akalazwa kando ya mume wake. Mianzi ya pale sasa imekuwa msitu.

Nimekuwa mkubwa nikafikiri sana juu ya siku ile. Je, Papa alituhadaa? Mama anasema alijua tangu nilipoingia karakanani kwamba yule mtu hatakuja. Lakini hakusema uongo hata mmoja. Alinituma kusema yaliyosemwa, basi. Mara nyingine naona kwamba katika ahadi zote za kisiasa nilizosikia, hapa na Beni, ile ndiyo pekee iliyochimba mfereji, na mwenyewe hajui. Mara nyingine nakasirika, kwa sababu watu wazima hawapaswi kuvutwa na kivuli cha gari ili watoke kuokoa nyumba ya jirani. Leo watoto wangu wanaletewa fulana za wagombea wengine, na sweta hakuna, Beni haina haja nazo. Nawaacha wavae. Nguo ni nguo. Ila nawaambia wanaozigawa si ndugu zetu, na mtoto wangu wa kwanza ananiuliza basi ndugu zetu ni nani, na sijawahi kumjibu vizuri.

Nilikuwa bado nimeshika ile sweta shangazi yangu, dada yake Papa, alipoingia chumbani na mkasi. Alikuwa amenunua kitambaa cha msiba, bluu nzito yenye maua meupe, cherehani inangoja barazani, na alitaka kujua akatie watu gani, maana hakitoshi wote, na asingependa mtu wa familia asahaulike akalia. Tukaanza kutaja. Mama, sisi watoto, wajukuu, baba mdogo wa Kayna na watu wake.

Wakati huo wanaume wa avenue walirudi kutoka kuchimba kaburi. Walikuwa wameondoka alfajiri, kabla mtu hajawaomba. Muuza makaa, mzee sasa, anatembea na fimbo lakini koleo lake begani. Mwalimu wa Kasai ambaye hakuwahi kurudi Kasai. Vijana niliowaacha wakiwa wachanga. Waliingia uani polepole kutoka kwenye ukungu, wakaegemeza majembe ukutani mwa karakana, chini ya ile rimu, wakasimama kando kidogo ili wasichafue mikeka ya wageni. Walikuwa wekundu mpaka viunoni.

Shangazi aliwaangalia kupitia dirishani, akaangalia kitambaa chake, akahesabu kwa macho na kuhuzunika. Akaniuliza tutafanyaje na hawa, hawana cha kuvaa.

"Bale, Shangazi," nikamwambia nikiwaonyesha wale wanaume, "bamekwisha kuvala."